Nina milioni 1.3, naunda PC ya magemu kwa mara ya kwanza. Nipo Mwanza, nisaidieni nisipigwe

Dogo wa Mkolani
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimepanga Mkolani, na wikiendi namsaidia mjomba biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba. Miaka miwili nimecheza kwenye vibanda vya gemu kwa kulipia saa. Juzi nikapiga hesabu ya hela niliyoacha kule, nikaumwa kichwa. Sasa nimejichanga nimefikisha 1,300,000 na nataka kuunda mashine kwa mikono yangu mwenyewe.

Nacheza FC na GTA V, nataka nijaribu na Counter-Strike 2. Kioo ninacho cha mtumba, 1080p. Kibodi na mausi vipo.

Kuna jamaa mjini kaniandikia hivi:

Prosesa Core i7-2600 na madabodi yake, 380,000
RAM GB 16 DDR3, 90,000
GPU (kadi ya picha) GT 730 GB 4, 180,000
Kasha la kioo lenye feni 6 za rangi, 260,000
Pawa saplai "wati 700", 45,000
SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256, 70,000

Jumla 1,025,000, chenji inayobaki nanunua kiti cha magemu. Anasema i7 ni kubwa kuliko i5 na i3 zote, nitadumu nayo. Nawasilisha.

Sato Mbichi
Dogo umejenga geti, nyumba haina paa. Kasha laki mbili na sitini, GPU laki na themanini! Hizo feni sita zinampepea nani?

Fundi wa Mabatini
Sato asikuvunje moyo, ila kasema kweli.

Anza na hiyo i7. Usiangalie namba inayofuata herufi i, angalia ile ya baada ya kistari. 2600 ni kizazi cha pili, imetoka mwaka 2011. Core i3-12100F ni kizazi cha 12, imetoka 2022. Zote zina kori 4 na nyuzi 8, lakini hiyo "ndogo" inaiacha mbali sana ile "kubwa" kwenye gemu lolote unalolijua. Halafu i7 hiyo imefungwa kwenye DDR3, RAM ya kizamani. Ukitaka kupanda baadaye huna pa kwenda, unauza vyote unaanza upya.

GT 730 ni kadi ya kuwashia kioo cha pili pale kwa mhasibu. Isikudanganye na GB 4 zake. Ukubwa wa kumbukumbu hauipi kadi nguvu, sawa na tangi kubwa lisivyoipa pikipiki mwendo.

Kwa mashine ya magemu, fungu kubwa kuliko yote liende kwenye GPU. Tafuta RX 6600 ya GB 8, hata iliyotumika. Kwa 1080p inatosha kabisa, na inakula wati 132 tu. Prosesa mimi ningekupa Ryzen 5 5600, kori 6, na ukiinunua ndani ya boksi inakuja na feni yake.

Sasa pawa saplai ya 45,000. Hapa naomba unisikilize vizuri. Ishike mkononi kwanza. Kama ni nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha, rudisha. Kisha soma karatasi ya ubavuni, usisome lile "700" lililoandikwa kwa herufi za dhahabu. Tafuta mstari wa 12V uone ni ampea ngapi. Kuna moja nililetewa hapa kijiweni, imeandikwa 600 kubwa, mstari wa 12V una ampea 18. Zidisha 12 kwa 18: wati 216. GPU na prosesa zote zinakula kwenye mstari huo. Hizo nyingine za nani?

Na ukikutana na ya mtumba yenye kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kinasoma 230. Zile zilizotoka Marekani huwa kwenye 115. Mwaka jana kijana kaja na yake, kachomeka kabla sijasema neno. Mlio mmoja kama fataki, harufu imekaa kijiweni hadi jioni. Alikuwa ameinunua siku hiyohiyo.

Jiwe la Bismarck
Fundi unamkimbiza mtoto kwa vitu vipya. Mimi ningenunua mnara wa ofisini wa mtumba, Dell OptiPlex 7050 au HP EliteDesk 800 G3 yenye i5 ya kizazi cha 6 au 7. Naongeza GTX 1650 isiyohitaji waya wa umeme, ile inayokula wati 75 kwenye madabodi hapohapo. Basi, anacheza leo usiku, na zaidi ya nusu ya hela imebaki mfukoni. Cha kuzingatia achukue mnara mrefu, asichukue ile nyembamba, kadi ya kawaida haiingii.

Fundi wa Mabatini
Jiwe, njia yako siipingi kwa mwenye laki sita. Huyu ana milioni moja na laki tatu. OptiPlex hiyo pawa saplai yake ni wati 240 na plagi zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kuchomoa ukaweka ya dukani hivihivi. Kizazi cha 6 na 7 karibu zote hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa Oktoba 2025. Halafu kasema anataka *kuunda*. Mwache aunde.

Jiwe la Bismarck
Hapo kwenye kuunda nimekubali. Ila hiyo 5600 mwache pia, achukue hiyohiyo i3-12100F, tofauti ya bei anunue UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Umeme wa huku unaujua.

Mama Wawili, Isamilo
Mwanangu, mimi nahariri video za harusi, kadi za mtumba nimenunua tatu. Mbili nzuri, moja kilio.

Hiyo moja niliagiza Dar kwa picha. Imeandikwa GTX 1050 Ti kwenye stika, kwenye Windows nako inasoma 1050 Ti, lakini ukifungua kazi inajikokota. Nikaja kufungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikaniandikia neno FAKE mbele ya jina. Ni kadi ya zamani sana imebadilishwa programu yake ya ndani. Muuzaji simu hapokei hadi leo.

Kwa hiyo usitume hela kwa picha. Mwambie muuzaji apige simu ya video, kadi iwe ndani ya mashine, GPU-Z iko wazi, gemu linachezwa dakika kumi bila kuzima. Akisema bando limeisha, na wewe mwambie hela imeisha. Akikupa RX 580, mwambie ashuke kwenye idadi ya sheda (vikokotoo vidogo vya ndani ya kadi). Ikisoma 2304 ndiyo yenyewe, ikisoma 2048 ni dada yake mdogo na bei iwe ya mdogo.

Na mzigo wa basi kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Kadi isafiri ndani ya boksi lake. Ukikubali waifunge kwenye madabodi ndiyo isafirishwe, utapokea tundu limepasuka.

Mkerewe wa Nansio
Niongeze kwenye UPS. Hizi za 650VA nyingi zinabeba wati kama 360. Ukichukua i3 na RX 6600, ukichezea zote pamoja na kioo hufiki wati 300, kwa hiyo inabeba. Usitegemee kumalizia mechi, ni dakika chache za kuhifadhi na kuzima kistaarabu. Na usichomeke pasi humo. Nimesema kwa sababu kuna mtu nyumbani kwangu alichomeka.

Jambo la pili hakuna atakayekuambia huko Dar. Wadudu wa ziwani. Wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Jioni wanafuata mwanga, na wewe unataka kasha la kioo lenye taa sita karibu na dirisha! Niliwahi kufungua mashine ya rafiki yangu, mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) yamejaa utando mweusi, nikadhani ni masizi. Nikauvuta ukatoka mzima kama kipande cha mkeka. Wadudu watupu, wameokwa. Prosesa ilikuwa inafika digrii 95 akifungua tu intaneti.

Chukua kasha la bati lenye matundu mbele, feni mbili zinatosha. Kata kipande cha chandarua kilichochakaa, bandika kwa ndani pale hewa inapoingia. Kila Jumapili kikung'ute.

Sato Mbichi
Feni sita na taa! Dogo alikuwa anafungua karabai ya dagaa chumbani 😂

Dogo wa Mkolani
Nimecheka ila nimeelewa. Nimezunguka mjini siku mbili na nimepiga simu Kariakoo. Orodha mpya:

i3-12100F mpya ndani ya boksi, 210,000
Madabodi ya H610, DDR4, 190,000
RAM GB 16, 130,000
RX 6600 ya mtumba, 380,000 (simu ya video imepigwa, Mama Wawili, dakika kumi na mbili, GPU-Z safi)
SSD NVMe GB 500, 100,000
Pawa saplai wati 550 yenye cheti cha Bronze, 140,000
Kasha la bati, 60,000
UPS 650VA, 90,000

1,300,000 kamili. Kiti kimekufa, nitakalia ndoo.

Fundi wa Mabatini
Orodha ya mtu mzima hii. Mambo mawili: RAM iwe stiki mbili za GB 8, usichukue moja ya 16, zikiwa mbili zinafanya kazi sambamba na gemu linapata pumzi. Na hiyo F mwisho wa jina maana yake prosesa haina picha yake, kwa hiyo waya wa kioo unachomekwa kwenye GPU, usichomeke kwenye madabodi. Baadaye ukipata hela, i5-12400F inakaa tundu hilohilo.

Dogo wa Mkolani
*Baada ya wiki tatu*
Wakuu vitu vyote vimefika. Nimefunga tangu saa nane mchana. Feni zinazunguka, kioo cheusi. Naombeni msaada, mkono unatetemeka.

Sato Mbichi
Waya wa kioo umechomeka wapi?

Dogo wa Mkolani
Kwenye GPU, mkuu. Uzi huu nimeukariri.

Fundi wa Mabatini
Kona ya juu kushoto ya madabodi, karibu na prosesa, kuna tundu la umeme la pini 4 au 8. Limechomekwa?

Dogo wa Mkolani
Lipo tupu. Kuna waya ulibaki nikadhani ni wa akiba.

Fundi wa Mabatini
Hakuna wa akiba. Zima, chomoa ukutani, chomeka huo.

Dogo wa Mkolani
IMEWAKA!!! Mjomba kaja kuangalia kuna nini.
Ila inasoma RAM GB 8.

Mama Wawili, Isamilo
Stiki moja haijakaa, mwanangu. Zima tena. Usiogope kuibonyeza, ibonyeze kwa vidole gumba viwili mpaka usikie "ta" na kishikio kijifunge chenyewe.

Dogo wa Mkolani
Nilikuwa naiogopa kama yai. Imesema ta.

GB 16. Sasa GTA V inataka zaidi ya GB 100 za kupakua. Kuna mwenye Wi-Fi maeneo ya Mkolani? Naja na UPS yangu, na dagaa kilo mbili.