Kiangazi Mwanza: tuwapeleke watoto wapi ziwani?

Swali: Ndugu zangu, habari za leo. Tumehamia Mwanza kutoka Dodoma, na kwa kuwa likizo ya shule ya Juni inaangukia kiangazi, ningependa kujua ni wapi watoto wanaweza kulifurahia ziwa kwa usalama.

Jibu: Karibuni sana, dada. Anzeni na Kisiwa cha Saanane, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013 na hufikiwa kwa boti kwa dakika chache tu kutoka mjini. Nendeni asubuhi, maji yakiwa bado yametulia, kwa sababu mchana upepo huongezeka. Watoto watawaona pimbi wakiota jua juu ya mawe makubwa, nao pimbi hawakimbii hadi mtu awasogelee mno. Hakikisheni kila mtoto amefungwa jaketi la kuokolea linalomtosha, si la mtu mzima.

Jibu: Naunga mkono, ila kuhusu kuogelea nasisitiza: kichocho kipo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji tulivu yenye majani, kisha hupenya ngozi, kwa hiyo watoto wasichezee ukingoni penye matete hata kama maji yanaonekana safi. Waliokwisha kuingia wapelekeni kupimwa. Dawa ipo na inatibu.

Jibu: Mkipata nafasi mwezi Juni, msikose ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma, kule Bujora, Kisesa, ambako vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, wengine wakicheza na chatu.

Muulizaji: Asanteni sana. Jumamosi tunaanza na Saanane.