Naomba ushauri: Kecskemét na Bugac kwa siku moja, inawezekana?

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tano tutakuwa Budapest, watu wawili bila gari, na tunataka kwenda Kecskemét, mji wa soko wa zamani kwenye tambarare ya Hungaria. Treni za Szeged kutoka stesheni ya Nyugati hupita hapo, safari ni kama saa moja na nusu. Mjini sina shida: Jumba la Mji lililobuniwa na wasanifu Ödön Lechner na Gyula Pártos, jengo la Cifrapalota la 1902 lenye vigae vya rangi, vyote vinafikika kwa miguu. Jumatatu nimeikwepa, makumbusho mengi hufungwa.

Kinachonikwamisha ni Bugac, kijiji kilicho kusini mwa Kecskemét, kwenye maonyesho ya farasi. Vitabu vya zamani bado vinataja treni ya reli nyembamba, lakini ilisitishwa 2009. Nimepekua ratiba za mabasi: ya kwenda yapo, ya kurudi ndiyo yananitia wasiwasi, hasa wikendi.

Waliofika huko, naombeni mnisaidie: kituo gani cha basi kiko karibu na lango la maonyesho, na kutoka hapo ni mwendo gani kwa miguu? Na je, tulale Kecskemét usiku mmoja, au teksi ya kurudi hupatikana bila kuagiza mapema?

Natanguliza shukrani.