Naomba ushauri: niache kuiga hatua za mpinzani lini katika Ufunguzi wa Kiingereza wa sataranji?

Mzee wa Kete: Ndugu zangu, nashiriki mashindano ya sataranji ya wenye miaka 65 na zaidi, ambako tunapewa dakika 90 kwa hatua 40 za mwanzo na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua. Nikiwa na kete nyeusi nilijibu c4, hatua inayoanzisha ufunguzi huo, kwa c5 (herufi na namba hutaja mraba; ukitajwa mraba peke yake, anayesogea ni askari), tukaendelea kufanana: farasi c3 na c6, askari g3 na g6, maaskofu g2 na g7, a3 na a6, ngome b1 na b8, kisha tukasukumiana na kulana askari hadi wakabaki wa b4 na b5. Baada ya farasi f3 na f6, d4 na d5, mwenzangu alileta askofu f4, akaitishia ngome yangu ya b8, nikalazimika kuikimbiza b6. Tulitoka sare, lakini kwa kujihami muda mrefu. Niachane na kuiga katika hatua ipi?

Farasi Mweusi: Shikamoo, mzee. Msimamo huo si mbaya, ila mweupe ndiye mwenye zamu, na ulinganifu humnufaisha yeye kila kete zinapoanza kugusana. Mimi huacha mapema: akicheza a3 katika hatua ya tano, najibu d6, na ngome yake ikifika b1 nasukuma a5 ili kuizuia b4. Gharama yake ni mraba wa b5, ambao farasi wake ataupenda.

Ngome ya Pwani: Naona a5 inampa mweupe mraba huo bure. Napendelea e6, farasi e7 na d5, mpango ambao hauhitaji hesabu ndefu, jambo la maana kwa mchezaji anayefika saa ya nne mezani. Hata hivyo, baada ya a3 na e6, mweupe anaweza kutoa mhanga askari papo hapo kwa b4. Usimle kabla ya kuuchambua mfululizo huo wa hatua nyumbani.

Mzee wa Kete: Marahaba, na ahsanteni. Na akitanguliza farasi f3 badala ya a3?

Ngome ya Pwani: Hapo e5 inafaa zaidi, kwani unaibana d4. Utaacha tundu d5, yaani mraba ambao askari wako hawawezi kuulinda tena kwa urahisi, lakini farasi wako wa g8 akienda e7 ataulinda mraba huo.