Raba za kingo za meza ya kale ya pool zimekufa: nibadilishe raba peke yake au pamoja na mbao zake?

Mkazi wa Upanga

Ndugu wadau, salaam. Miezi michache iliyopita nilinunua mnadani hapa Dar es Salaam meza ya zamani ya pool iliyotengenezwa Marekani, ya futi 9, yenye bamba la jiwe chini ya kitambaa na mifuko 6 ya ngozi. Mbao zake za kingo zimepachikwa vidoto 18 vya ganda la chaza, na hakuna hata kimoja kilichobanduka. Tatizo ni raba. Mpira ukigonga ukingo hutoa mlio mkavu kama umegonga ubao mtupu, kisha hurudi kwa uvivu; hata nikiupiga kwa nguvu zangu zote, hauwezi kuvuka urefu wa meza mara mbili. Nilipofunua kitambaa kidogo pembeni na kubonyeza raba kwa ukucha, ilimeguka kama mkate uliochacha na kukauka. Fundi mmoja wa Keko, ambaye kazi yake ya makabati naiheshimu, amenishauri achonge mbao mpya za mninga na kugundisha juu yake vipande vya raba ya tairi. Bei yake inavutia, lakini nasita. Naomba ushauri wa mwenye uzoefu.

Fundi Mstaafu

Umesita mahali pake, ndugu yangu. Mbao hizo usizitupe, na raba ya tairi isikaribie meza hiyo, kwa sababu tairi limetengenezwa kubeba mzigo na kustahimili msuguano, wala si kurudisha mpira. Raba ya kingo huwa na umbo linalokaribia pembetatu, na mpira huguswa na ncha yake tu. Umbo linalotumika zaidi leo kwenye meza za Kimarekani huitwa K-66, ila mbao nyingi za kale zilichongwa kwa ajili ya maumbo mengine, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha: wanaagiza raba nzuri, wanaibandika, kisha meza inacheza vibaya kuliko mwanzo.

Kinachoamua ni kimo cha ncha ile kutoka uso wa meza. Kinatakiwa kiwe asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, na kwa kuwa mpira wa pool una milimita 57.15, unapata takriban milimita 36.3. Ncha ikikaa chini zaidi, mpira unaruka. Ikikaa juu zaidi, mpira unakandamizwa kwenye jiwe na kufa nguvu. Kimo kisipolingana, hubandikwa ubao mwembamba kwenye uso wa ule wa zamani, kisha hupigwa randa kwa pembe mpya. Kazi hiyo fundi wako wa Keko anaiweza vizuri kabisa, mradi umpe kipimo.

Unapofungua, angalia kwanza kama bolti zinaingia kwa chini au kwa ubavuni. Kwenye meza nyingi za kale hufichwa nyuma ya vifuniko vya mbao vya duara, na asiyejua huishia kuvunja ubao kwa mtaimbo.

Dada wa Makochi

Naongezea upande wa kitambaa tu. Juu ya kila ubao kuna mfereji, na ndani yake kijiti chembamba kinachobana kitambaa. Kitoe taratibu kwa patasi butu na ukiandike namba, maana kila kijiti kimezoea mfereji wake. Mimi niliwahi kuvichanganya vya meza ya mteja, nikalala saa nane usiku nikivipiga msasa.

Mkazi wa Upanga

Nashukuru sana, mzee wangu, nawe dada. Nimepima leo jioni: ncha ya raba iliyopo iko milimita 39 upande mmoja na 37 upande mwingine. Je, ina maana mbao zimepinda? Na gundi ya mafundi viatu itafaa?

Fundi Mstaafu

Raba iliyokufa haina ushahidi wowote, kwa hiyo usihukumu mbao kwa kipimo hicho. Seti mpya ikifika, shikiza kipande kimoja kwa mkono bila gundi, pima, ndipo umwite mwenye randa. Gundi ya viatu inafaa: paka pande zote mbili, subiri hadi isishike kidoleni, kisha laza raba bila kuivuta, kwani iliyovutwa hujirudi baadaye na kuacha pengo mifukoni. Ncha za pembeni zikatwe kwa nyuzi 142 kwenye mifuko ya kona na 104 kwenye ile ya katikati. Tena usiibandike siku za masika; unyevu wa mji huu hutua juu ya gundi kabla haijakauka, na raba hubanduka.