Mawaridi yangu yanageuka rangi ya shaba licha ya kupigwa dawa: nifanye nini?

Mama Neema, Arusha

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mbele ya nyumba yangu nina mawaridi ya miaka mingi pamoja na haibiskasi. Tangu mvua za vuli zikatike, majani ya mawaridi, hasa yale yaliyo upande wa barabara ya vumbi, yamejaa vidoa vidogo vya njano kana kwamba yamedungwa kwa ncha ya sindano, kisha yanageuka rangi ya shaba na kupukutika. Katika duka la pembejeo nilipewa dawa yenye saipamethrini, nami nimekuwa nikiipiga kila wiki. Vidukari waliokuwa kwenye machipukizi wamekwisha, lakini majani yanazidi kuharibika kuliko kabla sijaanza, na sasa naona utando mwembamba kwenye vikonyo. Je, niongeze kipimo? Kuyang'oa sitaki, kwa kuwa mengi yalipandwa na marehemu mama mkwe wangu.

Mzee wa Bustani, Lushoto

Mama Neema, pole kwa usumbufu. Tafadhali usiongeze kipimo. Chuma jani lililoanza kupata vidoa, si lile lililokwisha kukauka, ulikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vitu mfano wa chembe za vumbi vikitembea, huo ni utitiri. Kwa kioo cha kukuzia utawaona upande wa chini wa jani: hawafiki nusu milimita, wana miguu minane, na mwili wao wa kijani iliyofifia una mabaka mawili meusi ubavuni.

Miguu hiyo minane ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Utitiri ni wa jamii ya buibui, wala si mdudu kama kidukari, na saipamethrini haiwadhibiti ipasavyo. Inachofanya ni kuwaua wale wanaowala, wakiwemo utitiri wawindaji na vile vidudu vya duara, vyekundu, vyenye madoa meusi mgongoni. Joto likikaribia nyuzi 30, yai la utitiri hufikia utu uzima kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo kila unapopiga dawa hiyo unakiachia kizazi kipya uwanja usio na adui. Ukavu na vumbi la barabarani navyo vinawapendelea.

Acha dawa hiyo kabisa. Ondoa majani yaliyoharibika sana, kisha asubuhi elekeza maji ya mpira kwa nguvu upande wa chini wa majani, siku kadhaa mfululizo, ili yakauke kabla ya usiku na yasialike ukungu. Baada ya hapo pulizia maji ya sabuni ya maji iliyo laini, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ukijaribu kwanza kwenye tawi moja tu. Sabuni ya unga ya kufulia iache, kwani huunguza majani. Sabuni huua pale tu inapomlowesha utitiri mwenyewe, na mayai huyaacha, ndiyo maana inabidi kurudia kila baada ya siku tano hivi.

Mfanyakazi wa Maua, Naivasha

Naunga mkono maelezo ya Mzee. Utitiri hujenga usugu haraka dhidi ya viuatilifu, na ndiyo sababu mashamba mengi ya mawaridi hapa Kenya huachilia utitiri mwindaji aitwaye *Phytoseiulus persimilis* ndani ya mabanda. Kwa bustani ya nyumbani huhitaji kumnunua. Ukiacha sumu, wawindaji wa asili watarejea taratibu. Ikiwa italazimu kutumia dawa, nunua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya utitiri na uhakikishe kwenye lebo kwamba imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu huko kwenu. Salfa nayo husaidia, ila usiipige jua likiwa kali.

Mama Neema, Arusha

Nawashukuru sana. Nimekung'uta jani na kweli chembe zinatembea. Niulize jambo moja zaidi: kwenye haibiskasi kuna vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka muda wote. Je, mwarobaini utafaa?

Mzee wa Bustani, Lushoto

Hao ni vidung'ata. Sisimizi wanafuata utomvu mtamu wanaoutoa, na kwa kuulinda huwafukuza maadui wao, kwa hiyo anza na sisimizi: punguza matawi yanayogusa ukuta au ardhi, na uzungushie shina kitambaa kilichopakwa grisi. Vidung'ata wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti. Mwarobaini unafaa: twanga gramu 50 za mbegu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, kisha pulizia jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu mapema. Usitarajie wafe siku hiyo hiyo. Mwarobaini huwazuia kula na kukua.

Kwa sasa pia usiweke urea. Machipukizi laini yanayokuja kwa kasi ndiyo yanayowavuta vidukari, nao ukiwaona tena, maji ya mpira yanatosha.