Wakuu, dawa gani inakata tumbo la kuendesha haraka?

KijanaMbagala: Heshima kwenu. Tumeamka watatu tunapishana chooni, tumbo linasokota. Hakuna homa wala kutapika. Kuna sipro, zile antibayotiki, za mke wangu zilibaki, nianze na ngapi?

BiKisarawe: Pole mwanangu. Jana mlikula nini?

KijanaMbagala: Chakula cha kawaida tu mama. Nimeuliza dawa.

Mtandika: Taifodi hiyo. Mimi nilipima Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, nikaambiwa ninayo, nikachomwa sindano weee, kumbe vidonda vya tumbo. Siku hizi kwa mama ntilie napita mbali.

TabibuMstaafu: Taifodi huja na homa inayopanda siku hadi siku, haiangushi watu watatu alfajiri moja. Na Widal peke yake haitoshi. Kijana, mlikula nini pamoja?

KijanaMbagala: Pilau ya hitma, mzee wangu. Ilipikwa juzi, ikalala jikoni kwenye sufuria kubwa. Ila jana jioni niliipasha mpaka ikafuka moshi, na haikuwa imechacha! Imebaki nusu, nimeshawaahidi mafundi mchana huu.

TabibuMstaafu: Mwaga. Kuna bakteria anaitwa Clostridium perfringens, mbegu zake hazifi kwa mchemko. Sufuria nzito inapoa taratibu, nyama ya katikati inabaki vuguvugu usiku kucha, humo wanazaliana, na harufu haibadiliki. Moshi wa juu si kwamba chini kumechemka. Ukila, baada ya saa 6 hadi 24 tumbo linasokota na kuendesha, kama nyinyi. Kwenye wali yupo pia Bacillus cereus, sumu yake ya kutapisha hata uipashe vipi haitoki. Sipro weka kando, mara nyingi tumbo la hivi linaisha ndani ya siku moja. Kunyweni maji safi lita 1 yaliyochanganywa sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Mkiona damu au homa, hospitali. Siku nyingine pilau igawe kwenye masinia ipoe upesi, ndani ya saa 2 iwe kwenye friji.

BiKisarawe: Nusu sufuria imwagwe! Sisi tumekuzwa na viporo.

Mzee_wa_Fitna: Chai hii. Uzi wako wa juzi ulisema hujaoa, leo sipro za mke?

KijanaMbagala: Ni mchumba, tunaishi naye. Tusitoke kwenye mada.

BiKisarawe: Mnaishi hivyohivyo halafu mnasoma hitma?

Mtandika: Na mchumba aliandikiwa sipro za nini?

TabibuMstaafu: Jamani, pilau imemwagwa?

KijanaMbagala: Mafundi wanasema matumbo yao ya chuma.