Injini ya V8 (silinda 8) inachemsha kwenye Ford ya 1931, bati nalo limepinda: naomba ushauri

Wakuu, habari. Ford Model A yangu nimeitoa injini ya silinda 4 nikafunga V8 ya Chevrolet. Ikitembea iko sawa. Ikisimama inaunguma dakika 10 tu, maji yanachemka. Thamostati (vali ya kuruhusu maji ya kupoza injini) ni mpya, rejeta inayopoza maji hayo nimeizibua. Nahisi upepo ndio hautoshi, maana feni imekaa chini na haina kava la kuelekeza hewa. Nianze na kava, au feni ya umeme?

La pili ndilo linaniuma zaidi. Nilikata kutu chini ya mlango, nikachomelea bati jipya kwa mstari mmoja bila kupumzisha (kosa langu), sasa lina mawimbi. Puti nene (ile ya kupaka kuficha mabonde) sitaki kabisa. Linanyoosheka kwa nyundo, au nikate upya nichomelee nukta nukta?